Mama alifariki kwa ugonjwa gani? Swali ambalo wengi wetu hatuna jibu lake

Leo nawaomba tuzungumze juu ya mama zetu waliotutoka mapema mno na kutuacha bado wadogo. Tunawakumbuka kwa picha moja iliyochakaa, kwa sala, na kwa majina tuliyowapa watoto wetu. Lakini kuna jambo moja juu yao ambalo wengi wetu hatulijui, na huku Marekani madaktari huliuliza mara kwa mara: mama alifariki akiwa na umri gani, na kwa ugonjwa gani?

Naanza na habari yangu mwenyewe, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike makala hii.

SWALI LA KLINIKI

Mwaka 2019 nilikwenda kliniki moja hapa Louisville kwa ajili ya maumivu ya mgongo. Mimi naishi Shively, karibu na Dixie Highway, na kazi yangu wakati huo ilikuwa ya kusimama usiku kucha kwenye ghala. Muuguzi alikuwa anajaza fomu kwenye kompyuta, mkalimani yuko kwenye simu. Akauliza, "Mama yako yuko hai?" Nikasema hapana. "Alifariki akiwa na miaka mingapi?" Nikasema kama arobaini hivi. "Kwa ugonjwa gani?" Nikajibu kama tunavyojibu wengi: "Aliumwa tumbo tu." Muuguzi akaandika kwamba haijulikani, akaendelea na swali jingine.

Nilirudi nyumbani nikiwa na huzuni. Mama yangu nilidhani namjua! Tulitoka Fizi vita ilipoanza mwaka 1996, tukavuka Ziwa Tanganyika, tukafika Kigoma na kupelekwa kambi ya Nyarugusu. Mama alikuwa fundi cherehani. Alikuwa na daftari la shule ambalo aliandika kwa penseli vipimo vya wateja wake, na kila Jumapili alisimama mstari wa mbele kwenye kwaya. Alicheka kwa sauti mpaka majirani wakajua kuna habari nzuri kwetu. Alifariki mwaka 2003, mimi nikiwa na miaka 14, mdogo wangu akiwa na miaka 5. Yote hayo nayajua. Kilichomwondoa sikukijua.

SIMU YA COLUMBUS

Siku ya mapumziko nilimpigia simu mama mdogo, ambaye anaishi Columbus, Ohio. Yeye ndiye aliyemuuguza mama. Nilipouliza mara ya kwanza alisema, "Mwanangu, ya nini kufukua? Mungu alimpenda zaidi." Sikulazimisha. Wiki iliyofuata nikampigia tena, nikamwambia, "Mama mdogo, daktari ameniuliza, na mimi nina binti. Nisaidie nijue."

Alinyamaza kidogo. Kisha akaanza kueleza. Mama alikuwa anatoka damu isiyo ya siku zake, karibu mwaka mzima. Alitoka damu pia baada ya kukutana na baba. Baadaye ukaja uchafu wenye harufu, na maumivu ya kiuno na tumbo la chini. Aliona aibu kumwambia mtu yeyote isipokuwa mdogo wake, na akamwapisha asiseme. Mwaka ule alipunguza blauzi zake kwa cherehani mara tatu, kwa kuwa alikuwa anakonda, na watu wakidhani ni mtindo. Alipokubali kupelekwa hospitali, hakuweza tena kutembea.

Nilirudi kliniki na maelezo hayo. Daktari alisema hawezi kuthibitisha kitu baada ya miaka 16, lakini dalili hizo ni za kansa ya mlango wa kizazi, ambayo wengine huita saratani ya shingo ya kizazi. Akaniuliza kama nimewahi kupimwa. Nilikuwa na miaka 30, watoto wawili, sijapimwa hata siku moja. Nilipimwa siku ileile. Nikakutwa na virusi vya HPV na seli zilizoanza kubadilika. Haikuwa kansa bado. Waliondoa sehemu ndogo yenye seli hizo, na jioni nilikuwa nyumbani napika ugali. Tangu hapo naendelea na vipimo kama nilivyopangiwa, na niko salama.

Kama mama mdogo angeendelea kunyamaza, labda na mimi ningeanza kupunguza blauzi zangu.

UGONJWA HUU NI NINI?

Kansa ya mlango wa kizazi husababishwa, karibu mara zote, na virusi viitwavyo HPV. Virusi hivi huambukizwa kwa kujamiiana, na ni vya kawaida mno: wanaume na wanawake wengi huvipata wakati fulani maishani, hata mtu mwenye mume mmoja tu. Kwa hiyo si ushahidi wa umalaya, na mtu asimnyooshee marehemu kidole. Mara nyingi mwili huviondoa wenyewe. Kwa wanawake wachache vinabaki, vinabadilisha seli polepole, na kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 mpaka kuwa kansa. Kwa mwanamke mwenye virusi vya UKIMWI huenda haraka zaidi, na hatari yake ni kubwa mara sita.

Tazameni neno hilo: miaka 15 hadi 20. Huo ni muda mrefu wa kuukamata ugonjwa kabla haujawa ugonjwa. Ndiyo maana inauma kwamba mwaka 2022 wanawake kama 350,000 duniani walikufa kwa kansa hii, wengi mno wakiwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati kama zetu. Baadhi yao walikuwa mama wenye watoto bado nyumbani.

Jambo la kuelewa: ugonjwa huu si wa kurithi kama rangi ya macho. Si laana ya ukoo. Lakini binti wa mama aliyefariki hivyo mara nyingi amekulia katika mazingira yaleyale: hakuna vipimo, hakuna chanjo, na aibu tele. Hicho ndicho tunachorithi, na hicho tunaweza kukikata.

MAMA MWINGINE ALIYEFARIKI AKIWA NA MIAKA 31

Msidhani kimya hiki ni cha Waafrika peke yao. Hapahapa Marekani kulikuwa na mama mweusi aitwaye Henrietta Lacks, mzaliwa wa Virginia, mama wa watoto watano. Mwezi wa kwanza mwaka 1951 alikwenda hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, akiwa anatoka damu na akihisi uvimbe ndani. Ilikuwa kansa ya mlango wa kizazi. Alifariki tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo akiwa na miaka 31.

Madaktari walichukua seli za uvimbe wake bila kumwomba ruhusa. Seli hizo hazikufa kama nyingine. Ziliendelea kuzaliana kwenye maabara, zikaitwa HeLa, na mpaka leo zinatumika duniani kote. Zilisaidia katika kazi ya chanjo ya polio. Familia yake haikujua lolote mpaka mwaka 1973. Binti yake Deborah, aliyeachwa akiwa mtoto mchanga asiyefikisha miaka miwili, alikua akiwa na maswali mengi juu ya mama yake, na kwa miaka mingi aliogopa kwamba akifika umri ule na yeye atakufa. Hakuna aliyemketisha akamweleza.

Katika miaka ya 1980 mwanasayansi Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake walitambua aina za HPV zinazoleta kansa hii, na aina mojawapo, ya 18, ilikutwa ndani ya seli za Henrietta. Zur Hausen alipata tuzo ya Nobel mwaka 2008. Kutokana na elimu hiyo ilipatikana chanjo, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006. Na sisi wa Louisville tuna la kujivunia: Bennett Jenson na Shin-je Ghim, ambao ni miongoni mwa watafiti walioweka msingi wa chanjo hiyo, walikuja kufanya kazi katika Chuo Kikuu cha Louisville. Basi baadhi ya walioweka msingi wa dawa ya kuzuia kilichomuua mama yangu walifanya kazi mjini kwetu, na mimi nilipita pale kwa basi miaka mitatu bila kujua.

FANYA HAYA KWA AJILI YAKO NA BINTI ZAKO

1. Chanjo. Wasichana kwa wavulana huchanjwa wakiwa na miaka 11 au 12, na wanaweza kuanza wakiwa na 9. Aliyechelewa anaweza kuchanjwa mpaka miaka 26, na baada ya hapo azungumze na daktari. Wengine husema chanjo inafunga kizazi. Si kweli. Rwanda ilianza kuwachanja wasichana mwaka 2011, Uganda 2015, Tanzania 2018 na Kenya 2019.

2. Vipimo. Kipimo cha Pap huanza ukiwa na miaka 21, kila baada ya miaka mitatu. Kuanzia miaka 30 kipo kipimo cha HPV, ambacho kikiwa salama hurudiwa baada ya miaka mitano. Tangu mwaka 2024 kliniki nyingine zinakuruhusu uchukue kipimo cha HPV wewe mwenyewe chooni au chumbani palepale kliniki kwa kijiti chenye pamba, bila mtu kukutazama. Kama aibu ndiyo inakuzuia, ulizia hicho. Unaweza pia kuomba daktari mwanamke.

3. Dalili. Damu isiyo ya siku zako, damu baada ya kujamiiana, au damu baada ya kukoma hedhi: usingoje miadi ya mwakani. Piga simu wiki hiyohiyo.

4. Gharama. Kama huna bima, uliza programu za kupima wanawake bure. Kentucky ipo Kentucky Women's Cancer Screening Program, Ohio ipo Breast and Cervical Cancer Project, na New York, kwa walioko Buffalo, ipo Cancer Services Program. Zote zina masharti ya umri na kipato, kwa hiyo piga simu uulize kabla hujakata tamaa.

5. Mkalimani. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kukupa mkalimani bure. Usimpeleke mtoto wako akutafsirie habari za kizazi. Mtoto anaona haya, na wewe unaficha nusu ya maneno.

KAMA MAMA YAKO ALIFARIKI KWA KITU KINGINE

Si kila mama aliondoka kwa kansa ya kizazi. Jibu lako linaweza kubadilisha kazi ya daktari kwa njia mbalimbali:

- Kansa ya titi: kwa kawaida mammogramu huanza ukiwa na miaka 40. Kama mama aliugua akiwa kijana, mara nyingi madaktari huanza kumpima binti miaka kumi kabla ya umri ambao mama aligunduliwa.

- Kansa ya utumbo mpana: kwa kawaida vipimo huanza na miaka 45. Mzazi akiwa ameugua mapema, mtoto huanza na 40 au mapema zaidi. Hii inawahusu wana wa kiume vilevile.

- Presha, kiharusi, kisukari au figo: magonjwa haya huenda katika familia. Pima presha hata kama huumwi popote, kwa sababu presha haipigi hodi.

- Kufa wakati wa kujifungua: uliza kama alivimba uso na miguu na kupata degedege, yaani kifafa cha mimba, au kama alitokwa damu nyingi. Mjamzito ambaye mama yake au dada yake alipata kifafa cha mimba amwambie daktari mapema. Anaweza kupewa aspirini kidogo ya kila siku kuanzia baada ya wiki ya 12, ili kupunguza hatari.

- UKIMWI: mama wengi waliondoka miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 kabla dawa hazijafika kwa wengi. Kama unashuku hivyo na hujawahi kupima, pima. Leo anayetumia dawa vizuri anaishi maisha marefu na kuzaa watoto wasio na virusi.

NAMNA YA KUWAULIZA WAZEE

Wazee wetu hawafichi kwa ubaya. Wanamstahi marehemu, na wanakulinda wewe. Kwa hiyo nenda taratibu.

Kwanza, eleza sababu. Ukisema "daktari ameuliza kwa ajili ya watoto" mlango unafunguka kuliko ukisema "mlinificha."

Pili, usiulize jina la ugonjwa, kwani huenda hawakuambiwa. Uliza mwili wake ulionyesha nini. Alilalamika wapi? Alivimba? Alikonda? Alitoka damu? Alikohoa? Iliendelea siku ngapi au miezi mingapi? Alipelekwa wapi? Wakikwambia alirogwa, usibishane. Sema, "Sawa mama mkubwa, na huo urogi ulianzia wapi mwilini?" Utapata maelezo yaleyale ambayo daktari anayahitaji.

Tatu, umri. Makaratasi yetu yanajulikana: wengi tumeandikiwa tarehe 1 Januari! Usitegemee karatasi. Hesabu kwa matukio: alikuwa amezaa mtoto wa ngapi, nani alikuwa ananyonya, ilikuwa kabla au baada ya vita.

Nne, uliza pia juu ya bibi na dada zake mama. Mama mkubwa aliyefariki hivyohivyo ni habari kubwa.

Tano, andika. Mimi nimeandika kwenye daftari la shule, kama la mama. Nakala moja nimempelekea mdogo wangu kule Buffalo. Yeye alikuwa na miaka 5 tu, hakumkumbuka mama vizuri, na alipokuwa na miaka 21 alipimwa kwa mara ya kwanza kwa sababu ya kurasa hizo.

KUHUSU LAWAMA

Ukishajua, huzuni inaweza kurudi upya. Utajiambia, "Ningejua, ningempeleka hospitali." Nilijiambia hivyo miezi mingi. Nilikuwa na miaka 14, nilikuwa nabeba maji na mdogo wangu mgongoni. Ningejua nini?

Na wale waliopata habari ya msiba kwa simu wakiwa huku, bila kuzika, wana lawama yao nyingine. Hata wakubwa yamewapata. Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya wa Kogelo, alimpoteza mama yake Ann Dunham tarehe 7 Novemba 1995, akiwa na miaka 52, kwa kansa ya mji wa mimba. Mama alifia Hawaii, mwanawe hakuwa kando yake, na ameeleza hadharani kwamba anajutia jambo hilo. Basi usijione wewe peke yako ni mtoto mbaya.

Kulia kunaruhusiwa, hata baada ya miaka ishirini. Lakini kama hulali, huli, huwezi kwenda kazini, au unatamani kufa, hiyo si huzuni ya kubeba peke yako. Mwambie daktari wako, au piga namba 988 saa yoyote na uombe mkalimani.

MWISHO

Mwaka jana binti yangu alitimiza miaka 11, na tulikwenda kuchanjwa. Kwenye gari aliniuliza bibi yake alikuwa mtu gani. Nikamwambia juu ya cherehani, kwaya na kicheko. Kisha nikamwambia alivyougua, kwa maneno ya umri wake. Akauliza, "Kwa hiyo hii sindano ni kwa ajili ya bibi?" Nikamwambia, "Ni kwa ajili yako. Lakini bibi angefurahi."

Wiki hii, ndugu msomaji, mpigie simu shangazi, mama mkubwa au mama mdogo aliyebaki. Wazee wanaondoka na majibu. Muulize, andika, kisha peleka karatasi hiyo kwa daktari wako.

Haya ni maelezo ya jumla tu, hayachukui nafasi ya daktari anayekujua. Mwenyezi Mungu awalaze mama zetu wote mahali pema peponi, na atupe sisi tuliobaki umri wa kuwaona wajukuu. Amina.